Mkate wa Kwanza Hauuzwi

"Mama Edris, hebu niambie ukweli. Hii ndui inakaa kwenye ukuta ama inakaa kwenye mtu?"

Alaso aliuliza hivyo akiwa upande wake wa ua wa minyaa, mkono mmoja umeshika birika la chai, mwingine umefunika pua kwa leso. Upande wa pili Nusura alikuwa amepanda stuli, anakwangua ukuta wa bekari kwa panga kuukuu. Chokaa ya zamani ilimwangukia kichwani hadi nywele zikawa nyeupe kama za bibi kizee.

"Mimi si daktari, Mama Alaso," alisema. "Nimeambiwa nikwangue, nakwangua."

"Haya, kwangua. Lakini mtu atakwanguliwa na nani?"

Nusura aliendelea kukwangua. Alijua mtu anayesemwa ni nani, na Alaso alijua kwamba anajua. Kisha mama yule akakumbuka jambo jingine.

"Na kuku wangu yule mwekundu amepotea. Ukimwona huko kwenu, niambie. Usimchinje tu."

"Nikimchinja nitakuita ule shingo."

Alaso akacheka nyuma ya leso yake, akarudi kwenye kibanda chake cha chai ng'ambo ya barabara.

Hiyo ilikuwa Malaba, mwaka ule wa ndui, uhuru ukiwa bado mchanga. Bekari ya Sulaiti, mume wa Nusura, ilikuwa nyumba ya matofali karibu na stesheni ya reli, na watu wa pande zote mbili za mpaka walikuwa wanakula mkate wake. Ndui ilipoingia, serikali ilifunga soko, ikafunga vilabu vya pombe, hata ibada zikafanywa nje kwenye jua. Lakini bekari ilifungwa kabla ya vyote, kwa sababu mgonjwa wa kwanza alitoka humo. Alikuwa Osukuku, mkandaji wa unga, Mteso wa upande wa Kocholia. Walimbeba kwenye lori hadi kambi ya wagonjwa, amefunikwa majani ya migomba kwa sababu shuka lilikuwa linanata kwenye ngozi. Padri alimpaka mafuta ya mwisho. Watu walihesabu kwamba amekwisha.

Mungu hakuhesabu hivyo. Osukuku alipona, karantini ikaondolewa, na Bwana Afya akatuma maagizo: magunia yote yachomwe, kuta zikwanguliwe na kupakwa chokaa mpya, tangi la maji ya mvua limwagwe, kila kitu kioshwe kwa dawa. Akiridhika, bekari itafunguliwa Jumamosi. Asiporidhika, itabaki imefungwa mpaka atakapopata nafasi ya kurudi tena, na hakuna aliyejua nafasi hiyo ni lini.

Nyumba ya Sulaiti haikuweza kungoja lini. Walikuwa wanakula mihogo asubuhi na mihogo jioni. Nusura alikuwa ameuza gomesi yake nzuri, lile gauni la Idi, kwa mke wa stesheni masta, na sasa kila Jumapili alikuwa anaiona ikipita mbele ya mlango wake inakwenda kanisani. Mara ya kwanza aliingia ndani. Mara ya pili alisimama, akasema, "Imekukaa vizuri, mama," na alisema kweli.

*

Osukuku alifika siku iliyofuata. Hakuingia uani. Alisimama kando ya barabara na kijisanduku chake cha mbao, kofia ameishika mkononi, akingoja aitwe. Uso wake ulikuwa umejaa vishimo kama vumbi lililoguswa na matone makubwa ya mvua, na mikono pia, mpaka kwenye vidole.

Sulaiti alitoka mlangoni. Alikuwa mtu mwema na mwoga kwa pamoja, kama watu wengi. Alinyoosha mkono kumsalimu, mkono ukafika katikati, kisha ukapanda kichwani kurekebisha kofia iliyokuwa imekaa sawa tangu asubuhi.

"Umerudi, bwana."

"Nimerudi, mzee."

"Mungu ni mkubwa. Sasa sikiliza. Kazi iko, lakini utakaa huku nyuma kwanza. Utapasua kuni, utateka maji. Kukanda nitakanda mimi, mpaka watu wazoee."

"Wazoee nini, mzee?"

Sulaiti aliangalia reli. "Wewe si unajua watu."

"Najua," alisema Osukuku. "Hata kwenye treni nilipewa benchi nzima. Nimesafiri kama bwana DC."

Sulaiti akacheka kidogo, akashukuru kwamba mgeni wake ndiye aliyemsaidia. Akamletea chai. Alikuwa ameiweka kwenye mkebe wa maziwa ya unga, aliotoboa na kutia waya uwe mkono. Osukuku aliupokea, akautazama, akasema asante.

Nusura aliona. Aliingia jikoni, akarudi na kikombe cha bluu cha bati kilichobanduka rangi ukingoni, kile ambacho Osukuku alikuwa akikinywea siku zote. Akauchukua mkebe mikononi mwake, akaimimina chai yote kikombeni.

"Huu mkebe nina kazi nao," alisema. "Nilikuwa nautafuta."

Sulaiti aligeuka akaenda kutazama ngazi ya tangi.

Siku hiyo walimwaga tangi. Maji yalikuwa yamelala humo tangu bekari ilipofungwa, juu yana ngozi ya kijani, ndani yanacheza viluwiluwi vya mbu. Osukuku aliingia ndani ya tangi akiwa kifua wazi na brashi ya mnazi, akasugua huku akiimba wimbo wa kanisa, na sauti yake ikatoka kwenye bati ikiwa kubwa mara tatu ya sauti ya mtu. Watoto waliokuwa wanapita walikimbia, kisha wakarudi kusikiliza. Nusura alifungua bomba, akaacha maji machafu yaende mpaka yakaisha, kisha wakatia ya kisimani, nayo yakaachwa yaende mpaka yakatoka meupe.

"Maji yaliyolala hayanywewi," alisema Osukuku akitoka, anachuruzika. "Ni kama maneno."

Baadaye Sulaiti alivuta mlango wa chuma wa tanuri, uliotazama uani na uliokuwa umeachwa wazi kidogo, ili afagie majivu. Akaruka nyuma, akapiga kelele. Ndani, katikati ya matofali, kuku mwekundu alikuwa ameatamia, anamkodolea macho kama mwenye nyumba aliyeingiliwa chumbani.

"Mama Alaso!" Nusura aliita kwa nguvu. "Kuku wako amepanga nyumba kwetu!"

Alaso alikuja mbio mpaka kwenye ua. Alipomwona Osukuku ndiye aliyeinama kwenye tanuri, miguu ikakwama. Nyumbani kwake kulikuwa na mjukuu, Amongin, mtoto wa kunyonya, ambaye mama yake alikuwa amemficha wakati wa chanjo kwa sababu ya homa. Mtoto hakuwa na alama mkononi. Hilo ndilo lililokuwa linamfunga Alaso leso puani, si ubaya.

"Yoga, mama," Osukuku alimsalimu kwa Kiteso.

"Yoga," alijibu, lakini alirudi nyuma hatua.

Osukuku aliiona hatua ile. Alichukua ule ubao mrefu wa kutilia mikate tanurini, wenye mpini mrefu kuliko mtu, akatandaza nyasi juu yake, akausogeza kwa kuku. Akambembeleza kwa lugha ambayo watu husema na kuku na watoto wachanga, mpaka akampandisha pamoja na mayai yake. Kisha akaunyanyua ubao polepole, akaupitisha juu ya ua wa minyaa, mikono inamtetemeka kwa uzito, yeye mwenyewe amebaki mbali kabisa upande wake.

"Chukua, mama. Mimi sijagusa hata moja."

Alaso alipokea kuku na mayai kwenye gauni lake. Ubao ukarudi mtupu juu ya ua.

*

Kosa lilifanywa na Sulaiti, na alilifanya kwa utiifu.

Bwana Afya alikuwa ameagiza kila kitu kioshwe kwa dawa. Dawa ilikuwa ile nyeusi ya mikebe, inayogeuka nyeupe kama maziwa ikitiwa kwenye maji, na harufu yake inakaa kwenye pua mpaka kesho. Sulaiti aliosha sakafu. Akaosha meza, milango na madirisha. Kisha akakumbuka kinyesi cha kuku. Asubuhi moja, kabla mtu yeyote hajaamka, akaingiza kichwa na mabega ndani ya tanuri, akalisugua lote kwa dawa, chini, pembeni na juu, akamwaga ndoo nzima iliyobaki ili awe na hakika.

Matofali ya tanuri hunywa kama ng'ombe. Yalikunywa yote.

Alhamisi walikanda unga kidogo wa kujaribu. Moto ukawashwa, makaa yakafagiliwa, mikate ikaingia. Ilipotoka ilikuwa mizuri, imeumuka, rangi ya asali. Sulaiti aliuvunja mmoja, akaupeleka puani, uso ukamsawijika.

"Mama Edris. Njoo unuse."

Nusura alinusa. "Wodi," alisema. "Wodi ya hospitali, asubuhi, wakishadeki."

Lakini harufu ilikuwa imeshatoka dirishani, imeshuka barabarani. Kabla hawajajua la kufanya, watu walikuwa wamesimama nje: wapagazi wa stesheni, wanawake wenye vikapu, dereva wa lori kutoka Tororo.

"Mkate una dawa!" mmoja alisema kwa furaha. "Sikia! Wametia dawa ndani!"

"Huo sasa ndio mkate. Ndui itapita wapi?"

"Nyabo, nifungie miwili," dereva alimwambia Nusura, "na mmoja wa mama yangu, anaumwa mgongo."

Sulaiti alimvuta mkewe nyuma ya mlango. Macho yalikuwa yanang'aa.

"Umesikia? Wanautaka. Wenyewe. Mimi sijasema ni dawa, wao ndio wamesema."

"Na wewe utanyamaza."

"Nitanyamaza! Kunyamaza ni dhambi? Tutafungua leo leo. Na hakuna atakayeuliza nani alikanda."

"Baba Edris," Nusura alisema taratibu, "mkebe wa ile dawa umechorwa nini?"

Ulikuwa umechorwa fuvu la kichwa na mifupa miwili.

"Basi kula wewe kwanza." Akamwekea kipande kiganjani. "Ukimaliza nitamwita Edris, nimpe na yeye. Halafu tutawauzia watu."

Sulaiti alikitazama kile kipande. Nje watu walikuwa wanagonga mlango na kucheka. Alikuwa hajala mkate kwa miezi. Alikileta karibu na mdomo, mate yakamjaa, kisha akamwona mwanawe Edris kwenye fikra zake, na mkono ukashuka.

"Umenishinda," alisema.

"Sijashindana na wewe."

Alitoka mwenyewe akawaambia watu kwamba mikate imeharibika, tanuri lilioshwa vibaya. Hawakumwamini. Waliguna, wakasema anawawekea matajiri. Dereva alitaka kuinunua hivyo hivyo iliyoharibika. Mpagazi mmoja akasema kwa sauti, "Si mnaona? Ni yule mtu wao wa vishimo. Akirudi hapa, hata tanuri linamkataa."

Osukuku alikuwa nyuma, anapasua kuni. Shoka lilisimama hewani kidogo, kisha likashuka.

Yeye ndiye aliyechimba shimo, na Sulaiti ndiye aliyeitupa mikate humo kwa mikono yake, mmoja mmoja. Kisha wakawasha tanuri, wakalilisha kuni mfululizo, Alhamisi hiyo na siku iliyofuata, mpaka kuni zilizokusudiwa kwa mwezi zikakaribia kwisha. Harufu ya hospitali ilitoka kwenye matofali shingo upande, kama mgeni asiyetaka kuaga.

*

Bwana Afya, jina lake Paulinus, alikuja Ijumaa kutoka Busia kwa pikipiki, suruali fupi imepigwa pasi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alipitisha kidole ukutani, akapanda ngazi akachungulia tangi, akafungua bomba akayaacha maji yaende, akayanusa, akayaonja. Alitazama beseni na sabuni mlangoni. Akafungua tanuri lililokuwa bado na joto, akanusa.

"Hapa palioshwa na nini?"

"Na moto, bwana," alisema Nusura. "Mwishowe."

Akakagua alama za chanjo kwenye mikono ya wote. Kisha akauliza, "Mkandaji ni nani?"

"Mimi mwenyewe," alisema Sulaiti.

"Na Osukuku? Nimesikia ametoka kambini."

"Yuko. Yuko nyuma. Anapasua kuni."

"Kwa nini?"

Sulaiti alikuna shingo. "Watu, bwana."

Paulinus alikwenda mpaka nyuma, na alipofika kwa Osukuku alimshika mkono, akaugeuza juu na chini, akaushikilia hapo huku anasema, kwa sauti ambayo hata upande wa pili wa ua ilisikika. Aliijua kazi yake.

"Huyu amemalizana na ndui, na ndui imemalizana naye. Haimrudii, na yeye hampi mtu. Mimi siogopi wenye makovu. Mimi naogopa wanaoficha watoto uvunguni wakisikia pikipiki yangu." Akamwachia mkono. "Jengo lenu ni safi. Fungueni kesho. Lakini serikali inaweza kufungua mlango tu, Mzee Sulaiti. Haiwezi kufungua mdomo wa mtu ale."

Alipokuwa anafunga mkoba wake kwenye pikipiki, Alaso alitoka kibandani. Amongin alikuwa kifuani, amefungwa kwa kitambaa. Alisimama mbele ya Bwana Afya bila kusalimu, akautoa mkono wa mtoto nje.

"Homa ilipoa," alisema. "Tulisahau."

"Watu wengi walisahau, mama," alisema Paulinus, akafungua mkoba tena.

Mtoto alilia sana.

*

Katika bekari ile kulikuwa na desturi tangu wakati wa baba yake Sulaiti. Mkate wa kwanza hauuzwi. Kila linapowashwa tanuri baada ya kupoa muda mrefu, baada ya Ramadhani au matengenezo, mkate wa kwanza ni sadaka. Mkandaji ndiye anayeutoa, kwa mkono wake, kwa mtu wa kwanza aliye mlangoni, awe tajiri, awe kichaa. Mkono uliokanda ndio unaotoa. Baba yake Sulaiti alikuwa anasema sadaka haina karani.

Alfajiri ya Jumamosi Sulaiti alisali, kisha akaingia bekari akamkuta mkewe amekwishaosha mikono kwenye beseni, na kando yake Osukuku, naye ameosha, anangoja mlangoni pa chumba cha kukandia. Hakuwa ameingia.

"Mama ameniita," alisema.

Sulaiti alimtazama Nusura. Nusura alikuwa anachunga unga.

"Wakikataa, Mama Edris?"

"Tutakula sisi. Tumekula mihogo, tutashindwa mkate?"

"Na kesho?"

"Kesho ina Mwenyewe."

Sulaiti alishika kamba ya aproni yake. Alifikiria kuni zilizokwisha, na gomesi inayopita mlangoni. Alifikiria pia mkebe wa maziwa, na moyo ukamchoma kuliko alivyotaka. Akavua aproni yake, akampelekea Osukuku, akamfunga kamba mwenyewe kwa nyuma. Vidole vilimgusa shingoni, penye vishimo, akaviacha hapo mpaka fundo likakaza.

"Unga umekungoja," alisema. "Mimi mikate yangu huwa inapinda."

"Inapinda, mzee," alisema Osukuku. "Nilikuwa nanyamaza tu."

Akaingia, akatia mikono ndani ya unga mpaka kwenye viwiko, akafumba macho kidogo.

Mlango ulipofunguliwa, jua lilikuwa limepanda juu ya stesheni. Watu walikuwepo, lakini walisimama ng'ambo ya barabara kama wanaotazama nyumba inayoungua. Harufu ilikuwa ya mkate mtupu. Wapagazi walikuwepo. Mke wa stesheni masta alikuwepo, ndani ya gomesi ya Nusura. Hakuna aliyevuka.

"Nani amekanda?" sauti ilitoka katikati yao.

Sulaiti alikohoa. Nusura alimtazama tu.

"Osukuku," alisema Sulaiti. Sauti ilikuwa ndogo, akairudia kwa nguvu. "Amekanda Osukuku!"

Mnong'ono ulipita, na wengine wakageuka kuondoka. Ndipo Alaso alipowasukuma kando, akavuka barabara na kapu lake kichwani. Leso ilikuwa imefungwa kiunoni. Alikuja mpaka kwenye ngazi ya chini, akasimama hapo. Nyuma yake kulikuwa na kibanda chake, na wateja wake wote wa chai wanamtazama.

Osukuku alitokea mlangoni. Mkate wa kwanza alikuwa ameuweka juu ya ule ubao mrefu. Alisimama ndani, mbali, akausogeza ubao mbele taratibu, kama alivyofanya na kuku, mpaka mkate ukafika nje ya mlango mbele ya uso wa Alaso, na mvuke bado unatoka.

"Chukua, mama. Ni sadaka," alisema. "Sitakaribia."

Alaso aliutazama mkate. Aliutazama ubao wote, tangu ncha mpaka mwisho wa mpini, mpaka kwenye vidole vilivyoushika.

"Wewe mtoto," alisema, "mimi ni kuku?"

Akaushika ubao kwa mkono, akausukuma kando mpaka ukagonga fremu ya mlango, na mkate ukateleza. Osukuku aliudaka kabla haujaanguka. Alaso akapanda ngazi ile nyingine, akavuka kizingiti, akamkaribia mpaka wakawa kifua kwa kifua, akanyoosha mikono yote miwili pamoja, viganja juu, kama mtu anayepokea kitu kikubwa. Osukuku aliuweka mkate humo. Mikono yake ilikawia juu ya mikono ya mama yule, naye hakuiondoa.

Alaso akaumega mkate, akatafuna mbele ya watu wote, taratibu, mpaka akameza. Kisha akaweka kapu lake tupu miguuni pa Osukuku, akalisukuma kwa mguu, amjazie. Osukuku alilijaza mkate mmoja mmoja kwa mikono yake. Lilipojaa, Alaso aliinama, akajitwika, akashuka ngazi, akavuka barabara kuwapelekea wateja wa kibanda chake.